Ukurasa wa Nne

Daftari la maelekezo lina kurasa kumi na moja.
Mbwa, Fokke, ni kiziwi: usimwite, piga sakafu kwa kisigino.
Takataka za karatasi, Jumanne. Chupa, uzibebe mwenyewe.
Ukurasa wa nne mwandiko wa Bibi Hoekstra umeinama kidogo,
kama mtu anayenong'ona:
kobe yumo kwenye friji ya banda la nyuma.
Hajafa. Amelala hadi Machi.
Fungua mlango mara moja kwa siku, apate hewa.

Basi ndiyo kazi yangu hapa Groningen,
wenyewe wakiwa Kanada kwa mjukuu:
kumfungulia kobe hewa.

Siku ya kwanza niliipenda nyumba kama mtoto apendavyo hoteli.
Nililala upande huu wa kitanda, kisha upande ule.
Nilifungua kabati, nikanusa makoti ya watu.
Ya pili nikasoma migongo yote ya vitabu, kwa sauti,
Kiholanzi nisichokijua,
ili mdomo usishike kutu.
Ya tatu, walisema wahenga, mgeni apewe jembe.
Bustani imeganda. Jembe limefungiwa.

Ya tisa sijui nilifanya nini.
Nilihesabu vigae vya bafuni. Mia moja arobaini na nne,
ukitoa kilichopasuka.

Ardhi ya huku imelazwa kama shuka lililopigwa pasi.
Natembea na Fokke kando ya mfereji,
na hakuna kinachopanda wala kushuka isipokuwa pumzi zetu.
Kwetu Covilhã hata kununua mkate ni kupanda.
Mtu akikuuliza njia unamjibu "juu" au "chini";
kushoto na kulia ni mambo ya wageni.
Mama hupumzika kwenye kona ya duka la sufu,
mkono kiunoni, akiulaani mlima kwa upendo.
Hapa sijapata pa kuhemea.
Misuli ya miguu yangu imenyamaza.

Nilimpigia simu. "Unakula?" Nakula.
"Kuna baridi?" Ipo.
Kisha nikasikia sufuria nyuma yake, mfuniko ukicheza,
nikasema mtandao mbaya, nikakata.
Fokke akanitazama.
Kiziwi, lakini alisikia.

Jirani, Bibi Tjitske, alileta supu ya njegere,
nzito, kijiko kinasimama wima.
Hakuingia. Aliuliza: "Kobe?"
Nikasema: "Analala."
"Na wewe?"
Kiholanzi changu hakikufika huko.

Usiku huo nikaenda bandani, koti juu ya nguo za kulalia.
Taa ya friji ikawaka. Gerrit, ndani ya boksi la majani makavu.
Jumapili hupimwa: gramu mia nane na kumi na mbili;
wiki iliyopita, mia nane na kumi na tano.
Gramu tatu kwa wiki, ndiyo bei ya kungoja.
Wanasema kobe akiinama anatunga sheria.
Nilichuchumaa nikisubiri walau kifungu kimoja.
Kwao amekuja napo mgongoni. Hata ndani ya friji yuko kwao.
Nilimwonea wivu, jamani, wivu wa kweli,
mpaka friji ikaanza kulia ile tii, tii,
ya mlango ulioachwa wazi.

Nikarudi ndani.
Ngazi za nyumba hii zimesimama kama ukuta,
vidato vyembamba, kamba ndiyo kishikio.
Kumi na sita. Nikapanda. Nikashuka.
Nikapanda tena, mkate kwapani,
kwa sababu kupanda bila mkate ni wazimu.
Mara ya ishirini mapaja yakawaka moto,
nikasimama pale juu, mkono kiunoni,
nikatukana Kireno cha mama, polepole, neno kwa neno.

Chini, Fokke alikuwa ameamka, mkia ukipiga mbao.
Labda alihisi visigino. Labda alidhani namwita.
Nikashuka kumwambia hapana,
nikakaa naye kidato cha mwisho,
tukaugawana mkate.